Je, Ukimya ni Ridhaa?

Kuna maswali ambayo mtu huyakuta katika vitabu vya falsafa, na kuna mengine ambayo humfuata mtu kazini kwake, yakakaa naye mezani hadi ayajibu. Swali ninalokusudia kulitafakari katika kurasa hizi ni la aina hii ya pili. Nalo ni hili: mtu anapotakiwa kuidhinisha jambo, naye akanyamaza, je, kunyamaza kwake kwaweza kuhesabiwa kuwa ni idhini? Na ikiwa kwahesabiwa hivyo, idhini hiyo ni ya nani?

Yawezekana msomaji akadhani kwamba swali hili ni la wanasheria na watu wa dini. Mimi nimelikuta mahali pakavu kuliko huko, yaani katika mfumo wa kompyuta ambao chuo kikuu hutumia kupokea, kupitia na kuidhinisha mapendekezo ya kozi. Nimekuwa mwalimu wa chuo kikuu hapa Tanzania tangu miaka ya 1990, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nimekuwa mjumbe wa kamati hii au ile ya mitaala. Ni kazi isiyo na sifa. Sijapata kumsikia mtoto akisema kwamba akikua angependa kuwa mjumbe wa kamati ya mitaala. Lakini humo ndimo nilimojifunza kwamba neno "ndiyo" lina uzito wake, na kwamba zipo njia nyingi za kulitoa bila kulitamka.

Kwa faida ya msomaji asiyeyafahamu mambo ya vyuo, yafaa nieleze kwanza jinsi kozi inavyozaliwa. Mhadhiri huwa na wazo. Huliandika: jina la kozi, malengo yake, mada za kila wiki, vitabu vitakavyosomwa, namna wanafunzi watakavyopimwa, na idadi ya krediti. Krediti si neno la mapambo. Kwa kipimo cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha mihadhara, semina, mazoezi na kujisomea. Na shahada ya kwanza ya miaka 3 haipungui krediti 360. Kozi ya krediti 12, basi, ni saa 120 za maisha ya kijana. Pendekezo hilo huenda Idarani, kisha kwenye Bodi ya Kitivo, kisha kwenye kamati ya Seneti inayoshughulikia mitaala, na mwisho kwenye Seneti yenyewe. Iwapo ni programu nzima mpya ya shahada, safari huendelea hadi kwenye Tume, iliyowekwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, ili ipate ithibati. Kila kituo katika njia hiyo kimewekwa kwa sababu moja: paweko mtu wa kuuliza swali ambalo aliyetangulia hakuliuliza.

Zamani pendekezo lilisafiri kwa miguu. Lilipigwa taipu, likatolewa nakala, likafungwa kwa pini na kutiwa ndani ya jalada, na tarishi akalibeba kwapani kutoka masijala hii hadi ile. Sitaki kuzisifu siku hizo kupita kiasi, kwa maana nilikuwepo. Nimepata kuona pendekezo likikaa miezi minane kwa sababu tu jalada lake lilikuwa chini ya jalada jingine. Nimeona nakala tatu za pendekezo moja, zote zikidai kuwa ndiyo ya mwisho, na hakuna aliyejua ipi ni ipi. Nimemwona mkubwa mmoja akilifungia pendekezo la kijana wake katika droo kwa sababu zisizohusiana na taaluma hata chembe, na kila alipoulizwa akijibu kwamba "linashughulikiwa". Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Na matumbo yaliyoumia hayakuwa ya wakubwa.

Kwa hiyo mfumo wa mtandaoni ulipoingia, mimi nilikuwa miongoni mwa walioupokea kwa mikono miwili. Mhadhiri aliyeko katika tawi la chuo mkoani hana haja tena ya kupanda basi na bahasha yake. Pendekezo ni moja, na kila badiliko huonekana: nani amelifanya, siku gani, saa ngapi na dakika ngapi. Droo haina ufunguo tena, maana kila mtu anaweza kuona pendekezo limekwama kwa nani. Hayo ni mema makubwa, na asiyeyakiri hasemi kweli.

Lakini pamoja na mema hayo, katika chuo kimoja nilichofanyia kazi, ambacho sitakitaja, iliwekwa kanuni ndogo iliyokusudiwa kuiponya kabisa ile ngoja ngoja. Ilisema kwamba pendekezo likikaa kwa mhusika siku 14 bila kujibiwa, mfumo utalihesabu kuwa limekubaliwa na utalipeleka hatua inayofuata. Waliobuni kanuni hiyo walikuwa na nia njema, nao walipigiwa makofi. Mimi nawaomba wasomaji wangu waitazame kwa makini, kwa sababu ndani ya sentensi ile fupi kuna falsafa nzima juu ya binadamu na neno lake.

Nitaeleza yaliyotokea. Mhadhiri mmoja alipendekeza kozi ya ukalimani, yaani kazi ya kutafsiri maneno ya msemaji papo hapo kwa mdomo. Wazo lilikuwa zuri na la wakati wake. Mwaka 2021 sheria zetu zilirekebishwa, Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakiingiza miongoni mwa lugha zake za kazi. Na jijini Arusha tunayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambako wakalimani ni watu wa kila siku. Pendekezo lilisema kwamba kozi itakuwa ya krediti 12, ya lazima kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu waliochagua mkondo huo. Lilisema itahitaji vibanda vya mazoezi vyenye vipaza sauti na visikilizio. Katika kisanduku cha vifaa paliandikwa neno moja: "Vitapatikana."

Pendekezo likaanza kupanda ngazi. Pale Idarani mkuu alikuwa porini kwenye utafiti wake, na siku 14 zikapita. Katika Kitivo palikuwa na mitihani, na siku 14 zikapita. Katika kamati ya Seneti msomaji aliyepangiwa aliona kwamba ngazi mbili za chini zimekwisha kukubali, akaliweka kando ili ashughulikie mengine yenye mgogoro, na siku 14 zikapita. Seneti yenyewe ilipokea orodha ya kozi 61 katika kiambatisho kimoja, ikaipitisha orodha. Katika kila hatua mfumo uliweka alama ya kijani. Wakati huo mhadhiri mwenye wazo lake alikuwa amekwisha kupata kazi nje ya nchi na kuondoka, akiwa ameaga vizuri kabisa.

Muhula ulipofunguliwa wanafunzi 38 walijiandikisha. Wiki ya kwanza hawakumwona mwalimu, wakadhani ni kawaida. Wiki ya tano walikuwa bado wanakaa katika chumba kisicho na kibanda wala kipaza sauti. Wiki ya sita kozi iliahirishwa, nao wakaambiwa kwamba wataimaliza mwaka unaofuata. Maana yake ni kwamba hawatahitimu pamoja na wenzao. Wengi wao walikuwa wakisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, mkopo ambao mhitimu aliyeajiriwa huurejesha kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Zidisha saa 120 kwa vijana 38, utapata saa 4,560. Hizo ndizo saa ambazo chuo kiliahidi kuzijaza, kisha kisizijaze.

Niliteuliwa kuwa mmoja wa walimu watatu wa kusikiliza malalamiko yao. Alikuja msichana mmoja, mwakilishi wa wenzake, akaamkia, akakaa. Tulitazamia kilio au hasira. Yeye akasema kwa upole, "Walimu wetu, hatukuja kudai mtu afukuzwe. Tunataka kujua nani alisema ndiyo."

Tukafungua mfumo. Majina yalikuwapo yote, na tarehe, na saa hadi nukta ya mwisho. Hapajapata kuwa na jalada lenye kumbukumbu timamu namna ile. Na hata hivyo hatukuweza kumjibu binti yule, kwa sababu katika orodha nzima hapakuwa na mtu aliyesema ndiyo. Mkuu wa Idara alituambia, "Mimi sikuidhinisha, mfumo ndio uliopitisha." Wa Kitivo alisema, "Nilijua Idara wanaifahamu kazi yao." Msomaji wa kamati alisema, "Nilijua Seneti wataliona." Na Seneti ikasema kwamba ilipokea kitu kilichokwisha kuidhinishwa katika ngazi tatu. Kila mmoja alisema kweli. Ndilo jambo lililonishtua zaidi: ukweli wa watu wanne uliojumlishwa ukazaa uongo mmoja, yaani ile alama ya kijani.

Sasa turudi kwenye swali. Kanuni ile ilisimama juu ya wazo kwamba ukimya ni ridhaa. Wazo hilo si geni, wala si la kipuuzi. Katika mila ya Kiislamu, ambayo imelea mwambao wetu kwa karne nyingi, bikira anapoposwa huulizwa, na ukimya wake wachukuliwa kuwa ni ridhaa, kwa kuwa haya humzuia kutamka. Mtu aweza kunikumbusha mfano huo. Lakini utazame vizuri. Binti yule yupo. Ameulizwa. Inajulikana kwamba amesikia alichoulizwa. Na yupo anayemtazama usoni, kwa maana wanazuoni walijadili hata machozi yake yana maana gani. Ukimya huo una mwenyewe, na una macho yanayousoma. Ni mbali kabisa na ukimya wa mtu aliyeko porini kwenye utafiti, ambaye barua imefika katika sanduku lake wala hajaifungua.

Sheria ya mikataba nayo ilikutana na jambo hili zamani. Mwaka 1862 huko Uingereza ilisikilizwa kesi ya Felthouse dhidi ya Bindley. Mzee Felthouse alitaka kumnunua farasi wa mpwa wake, akamwandikia kwamba asiposikia neno zaidi atamhesabu farasi kuwa ni wake. Mpwa hakujibu. Baadaye dalali akamwuza farasi yule mnadani kwa bahati mbaya, na mzee akaenda kumshtaki. Mahakama ikamwambia kwamba farasi hakuwa wake bado, kwa sababu hakuna mtu awezaye kumwekea mwenzake sharti kwamba akinyamaza atakuwa amekubali. Na tukumbuke kwamba mpwa yule moyoni mwake alikwisha kukubali, hata alikuwa amemwagiza dalali asimwuze farasi. Pamoja na hayo, ridhaa iliyobaki moyoni, isiyotolewa kwa mwenziwe, haikutosha kuhamisha farasi mmoja. Je, yatosha kuhamisha saa 4,560 za vijana?

Wenye vikao wanalijua jambo hili tangu kale, nao wamelipa jina: akidi. Mwenyekiti akifungua kikao akakuta wajumbe hawatoshi, hakuna linalopitishwa, hata kama wote walioko nyumbani wanajulikana kuwa wangekubali. Asiyekuwepo na lake halipo, wasema Waswahili. Methali hiyo kwa kawaida hutumiwa kumnyima mtu fungu lake, lakini yaweza pia kuwalinda wengine dhidi ya kauli ambayo hakuitoa. Ukimya wa mjumbe aliyepo kikaoni ni jambo jingine. Amesikia hoja ikisomwa, amemwona mwenzake akikunja uso, amepewa nafasi ya kuuliza katika yatokanayo na katika mengineyo. Akinyamaza baada ya hayo yote, mwenyekiti ana haki ya kusema "tumekubaliana". Kosa la ile kanuni ya siku 14 ni kwamba ilimchukua asiyekuwepo ikampa hadhi ya aliyepo.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito. Mtu atauliza: je, bila kanuni hiyo hatutarudi kwenye droo? Mvivu mmoja au mwenye husuda mmoja hataweza tena kuliua pendekezo zuri kwa kulikalia? Ni kweli kabisa. Ukimya waweza kuua kama uwezavyo kupitisha, na aliyeuawa kwa ukimya hana hata barua ya kukataliwa ya kuikatia rufaa. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba kunyamaza ni kosa la mhusika. Haithibitishi kwamba tulifanye kosa hilo kuwa idhini. Muda ukipita, kinachopaswa kusogea ni jina la aliyenyamaza, liende kwa mkubwa wake. Pendekezo libaki pale pale hadi apatikane mtu wa kulisoma, awe yeye au mwingine badala yake. Kwa maneno mengine, saa ya ukutani yaweza kutuambia kwamba mtu amechelewa. Haiwezi kutuambia kwamba kozi inafaa.

Hapa nakumbuka tukio lililotokea kabla sijaanza kazi, katika Chuo Kikuu kishiriki cha Nairobi, wakati ule kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwezi Septemba 1968 kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza aliwasilisha kwenye Bodi ya Kitivo cha Sanaa waraka kuhusu mwelekeo wa kitivo hicho. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo huo walimu watatu, Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa bado akijulikana kwa jina la James Ngugi, waliujibu kwa waraka wao. Hawakuomba kuongezewa kozi moja ya fasihi ya Kiafrika pembeni. Waliuliza kwa nini fasihi ya Uingereza ndiyo iwe kitovu na Afrika iwe kiambatisho, wakapendekeza idara yenyewe ifutwe na mahali pake pawekwe idara ambayo Afrika ndiyo kitovu chake. Palizuka mjadala mkali. Miaka michache baadaye Nairobi ilikuwa na Idara ya Fasihi.

Mara nyingi hujiuliza waraka ule ungepitaje katika mfumo wetu. Katika fomu ya kozi hapana kisanduku cha kuandika "idara hii ifutwe". Lakini si hilo ninalotaka kulisema hasa. Ninachoona ni kwamba watu watatu walitia majina yao chini ya wazo, na waliopinga nao walipinga kwa majina yao, na kila upande ulilazimika kuusoma waraka wa mwenziwe ili uupinge. Mtu aweza kukubaliana nao au asikubaliane nao. Hawezi kusema kwamba jambo lile lilipita kwa kuwa siku zilipita. Mwanafunzi wa Nairobi wa miaka ile angeuliza nani alisema ndiyo na nani alisema hapana, angejibiwa kwa majina na kwa hoja.

Baada ya malalamiko ya wale vijana, chuo kiliibadili kanuni. Siku 14 zikipita, pendekezo halisogei; jina la mhusika ndilo linalopanda. Nilifurahi, nikadhani tumemaliza. Mwaka uliofuata, katika kazi za kamati, nilitazama kumbukumbu za mfumo nikakuta jambo jipya. Katika siku ya 13 idhini zilikuwa zikimiminika kama mvua ya masika. Pendekezo la kurasa 30 lilikuwa limefunguliwa na kuidhinishwa katika muda usiotosha kuchemsha chai. Safari hii mtu alikuwa amebofya kwa kidole chake mwenyewe. Ndiyo ilikuwapo, na jina lilikuwapo. Msomaji ndiye hakuwapo.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimelitazama swali kutoka upande mmoja tu. Nilidhani hatari ni ukimya unaojifanya ndiyo. Kumbe ipo pia ndiyo ambayo ndani yake ni ukimya mtupu. Na hiyo haiponywi na kanuni yoyote, kwa kuwa hakuna fundi wa kompyuta awezaye kuandika programu ya kuthibitisha kwamba mtu amefikiri. Anaweza kuandika programu ya kuhesabu dakika, na kesho yake watu wataliacha pendekezo wazi mezani huku wakienda kula.

Sisemi haya kwa kuwadharau wenzangu. Nayajua mazigo yao. Mhadhiri ana madarasa yenye mamia ya wanafunzi, ana tasnifu za kusimamia, ana ripoti za kila namna, na juu ya hayo mfumo unamletea mapendekezo 20 kwa mpigo na kumhesabia siku. Mtu aliyechoka hawezi kuwa shahidi mwema. Kwa hiyo nimefikia kuamini kwamba kitufe kinachokosekana katika mifumo yetu ni kimoja. Kipo cha kukubali, kipo cha kukataa, kipo cha kurudisha kwa marekebisho. Hakipo cha kusema: "Sijasoma." Laiti kingekuwapo, na laiti mtu angeweza kukibofya bila kuona aibu wala kuadhibiwa, tungejua walau ni wapi pana macho na wapi hapana. Chuo kingeona kwamba kimewatwisha watu kazi isiyobebeka, na kingelazimika ama kuipunguza ama kuongeza watu. Tumeutengenezea unyofu njia nyembamba, kisha tunashangaa kwamba haupiti.

Kitufe hicho kikiwa bado hakijawekwa, mimi mwenyewe nimejiwekea desturi. Siidhinishi pendekezo lolote bila kuandika walau sentensi moja yangu juu yake, kuhusu jambo ambalo mtu asiyelisoma asingeweza kuliandika. Mara nyingine ni swali dogo: nani atafundisha kozi hii mwenye nayo akiugua? Mara nyingine ni neno la shukrani kwa mada iliyopangwa vizuri. Nikiishiwa na wakati, namwandikia mwenyekiti kwamba sikusoma, apange mwingine. Desturi hiyo imenipunguzia marafiki wawili watatu, na imewahi kuchelewesha kozi nzuri kwa wiki kadhaa. Sidai kwamba haina gharama. Ila nimelinganisha gharama hiyo na ile ya binti aliyekaa mbele yetu, nikaona yangu ni nafuu, nayo nailipa mwenyewe.

Kipimo ninachokitumia ni chepesi kukieleza. Kabla ya kubofya, namfikiria mtu atakayelipa iwapo nimekosea, nami najiuliza kama ningeweza kumwambia uso kwa uso: "Mimi ndiye niliyesema ndiyo, na sababu zangu ni hizi." Sababu zaweza kuwa na upungufu, binadamu hukosea hata akiwa amesoma. Lakini mtu aliyekosewa na mwenye sababu anaweza kumhoji, kumlaumu, hata kumsamehe. Aliyekosewa na alama ya kijani hana wa kumlaumu wala wa kumsamehe, na nadhani hilo ni jeraha la pili juu ya lile la kwanza.

Jambo hili haliishi katika vyuo. Mzee wa kijiji huitwa kushuhudia shamba likiuzwa, akatia dole gumba kwenye karatasi asiyosomewa. Mzazi hutia sahihi ripoti ya mtoto bila kuifunua. Mhandisi hupitisha ramani ya ghorofa kwa kumwamini aliyeichora, na mwenye kuichora hujilaza akijua mhandisi ataikagua. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo aghalabu huwaangukia watu ambao hawakuwamo chumbani.

Wale vijana 38 walirudi mwaka uliofuata, isipokuwa wachache waliobadili mkondo. Alipatikana mkalimani mwenye uzoefu wa mahakamani kuwafundisha, na vibanda vinne vilijengwa. Binti yule alifaulu vizuri. Lakini swali lake halikupata jibu, na nijuavyo mimi halitapata, kwa maana jibu lake lilipaswa kuwapo kabla yeye hajajiandikisha.